Kifutu, Baba Mkwe na Ndama

Ahimidiwe Mungu aliyeumba vyote, hata vile ambavyo kama kazi hiyo ningeachiwa mimi nisingeviumba. Ashukuriwe kwa milima aliyoipa ukungu na mabonde aliyoyapa joto, kwa ng'ombe mwenye maziwa na kwa nyoka mwenye sumu, kwa kuwa kila mmoja alipewa riziki yake na namna ya kuitetea. Nimezeeka katika rehema zake. Miguu yangu yote miwili ningali ninayo, na habari nitakayoisimulia ni ya jinsi mmoja wa miguu hiyo, ule wa kushoto, ulivyobaki kuwa wangu.

Nilizaliwa Idodi, upande wa Iringa, huko chini ambako barabara inaelekea Ruaha na jua halimwonei mtu haya. Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, na katika ujana wake alikuwa mwindaji. Alitufundisha watoto wake katekisimu, kisha akatufundisha nyoka. Yote alitufundisha kwa kuuliza na kujibiwa, na aliyekosea alianza upya.

"Nyoka ana kazi ngapi?"

"Mbili, baba."

"Zitaje."

"Kula, na kutoliwa."

"Kukuchukia wewe ni kazi ya ngapi?"

"Haimo, baba."

Hapo ndipo tuliporuhusiwa kwenda kuchota maji.

Alitueleza kwamba koboko huwinda mchana, kwa macho na kwa mbio, na kwamba akimwona mtu hutamani tu kurudi shimoni mwake. Balaa huja pale mtu aliposimama kati ya koboko na shimo. "Ukimkuta mgeni amesimama mlangoni pako, nawe unataka kuingia, utamfanyaje?" aliuliza. Nilijibu kwamba ningemkaribisha. "Wewe ndiyo," alisema baba. "Koboko hakupata mafundisho hayo."

Swila tulimfahamu zaidi, maana aliishi nasi. Alifuata panya, na panya walifuata mahindi ndani ya kihenge, kwa hiyo hatukuweza kusema kwamba hatukumwalika. Asubuhi moja mama alifunua kihenge na swila akainua kichwa, akatanua shingo, akamtemea usoni. Swila hutema akilenga macho, wala si kwa kuwinda. Huuma panya, hutemea watu. Mama alirudi nyuma bila kupiga kelele, akakaa chini, akaita maji. Maji yalikuwa kidogo, basi tukamwosha macho kwa maziwa yote yaliyokuwa nyumbani. Alikaa gizani, macho yamevimba kama mtu aliyelia msiba wa wiki nzima, na neno alilolisema ni moja tu: "Sasa hao watoto watakula ugali na nini?" Kwa neema ya Mungu macho yalirudi salama. Ugali tuliula na chumvi.

Lakini nyoka ambaye baba alimheshimu kuliko wote alikuwa kifutu. Huyu ni mfupi, mnene, mwenye mapambo mgongoni kama mkeka uliosukwa na fundi, na rangi yake ni ya majani makavu. Baba aliwahi kuniketisha juu ya mwamba, mbali kidogo na kijia cha panya, akanionyesha kifutu aliyelala kando ya kijia hicho. Nilitazama muda mrefu kabla sijamwona, na hata nilipomwona nilimpoteza tena kwa kupepesa macho.

"Anafanya nini?" niliuliza.

"Anafanya kazi."

"Mbona amelala?"

"Ndiyo kazi yenyewe. Koboko hukifuata chakula. Huyu chakula humfuata."

Tukakaa. Akaja chura. Kifutu akatoa ulimi, akauacha nje ukichezacheza polepole kama mdudu, naye chura akausogelea kwa furaha. Sikuona kichwa kikienda. Nilimwona chura hayupo. Siku nyingine tulimwona akimpiga panya na kumwachia hapo hapo. Panya akakimbia. Nikasema, "Amemkosa!" Baba akasema, "Ngoja." Kifutu alingoja kidogo, kisha akaenda kwa kuvuta tumbo, amenyooka kama fimbo, akinusa kwa ulimi mahali panya alipopita. Alimkuta amelala chini ya kichaka. Hakuwa na haraka hata kidogo. Baba alisema wachungaji wengi wangeweza kujifunza subira kwake, kisha akanikataza kurudia maneno hayo mbele ya wachungaji.

"Na akitaka kujitetea?" niliuliza.

"Kwanza hunyamaza. Anajua humwoni. Ukimkaribia sana hujaza tumbo upepo na kuvuma kama mivuo ya mhunzi. Hiyo ni salamu. Anakuambia, niko hapa, usinikanyage. Ukisikia mivuo na huoni ilipo, wewe geuka jiwe. Jiwe halijaumwa tangu dunia iumbwe."

Nilishika mafundisho hayo. Nilipopelekwa shule ya misheni Iringa, nikajifunza kusoma, kushona na kuimba sauti ya pili, sikukutana tena na kifutu, nikadhani mafundisho ya nyoka nimeyabeba bure.

Katikati ya miaka ya hamsini niliolewa na seremala. Alitoka mbali, upande wa Mbeya, katika milima ya Rungwe ambako mvua haiombewi, na alikuja Idodi kupaua shule. Alikuwa mpole, mwenye kusali, na misumari aliishika kwa midomo hata alipokuwa akizungumza na baba yangu habari za kunioa. Tulifunga ndoa kanisani kwetu, tukapanda lori hadi Mbeya, na kutoka hapo tukapanda milima mpaka kwao. Nilikuta migomba kila upande, ng'ombe wanene, na baridi ambayo sikuambiwa. Kihehe changu hakikumsaidia mtu. Kinyakyusa nilikuwa na neno moja, "ndaga," ambalo lilifaa kwa kushukuru, nami nilishukuru kwa kila kitu.

Mama mkwe alinipokea vizuri. Kisha akanikalisha jikoni, akaniambia sheria ya nyumba, mume wangu akitafsiri kutoka mlangoni.

Sheria ilikuwa hii. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemezani, hawataji majina, hawaketi chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mkamwana hutoka njiani, huipa njia mgongo, hujifunika kichwa kwa nguo na kuchuchumaa mpaka mzee apite. Mzee naye hutazama upande mwingine. Hiyo ndiyo heshima, na ilikuwapo kabla ya lori na kabla ya misheni.

"Nikikutana naye juu ya daraja la mti?" niliuliza.

"Usikutane naye juu ya daraja," alisema mama mkwe.

"Na nikiwa nimebeba mtungi?"

"Unautua, unachuchumaa."

Zamani, aliniambia mume wangu, jambo hili halikuwa gumu, kwa sababu vijana walijenga kijiji chao mbali na kijiji cha baba zao. Lakini ardhi ilikuwa imeanza kubana, migomba na kahawa vimejaa kila mahali, na nyumba yetu ilijengwa mahali ambapo sisi na mzee tulitumia njia moja kwenda mtoni. Njia ilikuwa nyembamba na nyasi zake ndefu. Basi mzee, kwa adabu yake, alikuwa akikohoa kila alipofika kwenye kona. Watu wasiojua walimhurumia kwa kifua kibovu. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Alikuwa akinipigia kengele.

Mwinjilisti wetu alikuwa amekwisha kuhubiri kwamba katika Kristo watu wa nyumba moja wanaweza kusalimiana. Baba mkwe, ambaye alikuwa Mkristo wa siku nyingi, aliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote, kisha akatokea mlango wa upande ili asikutane nami. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilimjua baba mkwe kwa kikohozi chake, kwa nyayo zake kubwa kwenye tope, na kwa koti. Koti hilo lilikuwa la sufu, zito, la rangi ya kahawia, alilolipata zamani alipokuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, ambako pia alijifunza Kiswahili. Nililiona kwa mbali, likining'inia juani, nami nililipa mgongo na lenyewe, kwa tahadhari.

Mwaka uliofuata nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Ilikuwa mimba kubwa, ya kumfanya mtu atembee kama bata. Ilikuwa ni mwezi wa Juni, wakati ukungu hukaa juu ya milima mpaka watu husahau umbo la jua. Ukungu ulikuwa umekaa siku kadhaa, na asubuhi hiyo ukaondoka ghafla, jua likawaka, na kila chenye damu ya baridi kikatoka kuota. Mimi sikufikiri hivyo wakati ule. Nilifikiri kwamba ni siku nzuri ya kuchota maji.

Nilikuwa nikirudi kutoka mtoni, mtungi umejaa kichwani, niliposikia kikohozi kwenye kona. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikatoka njiani upande wa kushoto, nikapiga hatua moja ndefu juu ya nyasi za ukingoni, nikaipa njia mgongo, nikavuta nguo yangu ya begani ikanifunika uso. Nikaanza kukunja magoti ili niutue mtungi na kuchuchumaa.

Nyuma ya kisigino changu cha kushoto, mivuo ya mhunzi ikavuma.

Magoti yalisimama yenyewe. Nilielewa mara moja jambo lililotokea. Kifutu alikuwa amelala ukingoni mwa njia, mahali pa jua, ambapo panya wangepita. Nami nilikuwa nimemruka. Sasa alikuwa kati yangu na njia, na kama ningechuchumaa, ningemkalia. Kugeuka kumtazama sikuweza kwa sababu ya mtungi. Kusonga mbele sikuthubutu, maana sikujua kama pindo la nguo yangu limemgusa, na mguu unaoondoka ni mguu unaotikisa ardhi. Nikageuka jiwe. Ila mtoto tumboni hakuwa amefundishwa habari za nyoka, akaanza kupiga mateke.

Baba mkwe akafika. Nilisikia nyayo zake, na nyayo nyingine nyepesi: alikuwa akivuta ndama jike kwa kamba. Akasimama, amegeuza uso kama ilivyompasa, akangoja kusikia mtungi ukigusa ardhi, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba nimechuchumaa na yeye anaweza kupita. Hakusikia kitu. Akakohoa tena. Akangoja tena.

"Ndama," alisema hatimaye, "njia imekuwaje leo?"

Alisema kwa Kiswahili. Ndama yule hakuwa amesemeshwa Kiswahili tangu azaliwe.

"Ndama, huko tunakotoka sisi, mtu akikohoa mara moja inatosha. Labda huko Iringa hukohoa mpaka jioni."

Nilielewa kwamba amekasirika, na kwamba haki ilikuwa yake, kwa kuwa yeye alikuwa akitazama migomba ya upande wa pili na hakuona nyoka. Kumwambia sikuweza. Katika mwaka mzima sikuwa nimetoa sauti mbele yake hata ya kupiga chafya. Sijui ni kwa nini mtu anayekaribia kufa huendelea kuogopa kukosa adabu, lakini nimeona ndivyo ilivyo. Ndipo nikakumbuka kwamba kulikuwa na mmoja ambaye ningeweza kusema naye popote, na hakuna desturi iliyonizuia.

"Ee Mungu Baba," nilisema kwa sauti, "wewe unayeona nyuma ya mwanadamu, tazama kisigino changu cha kushoto, maana mimi siwezi kugeuka."

Nikasikia kofia ikivuliwa. Baba mkwe alikuwa mtu wa kuheshimu sala popote alipoikuta.

"Bwana, ni kifutu. Anavuma. Nikichuchumaa nitamkalia. Tunakusihi."

"Amina," aliitikia baba mkwe, kwa mazoea. Kisha nadhani akasikia kile alichokiitikia.

Ndama akatikisa masikio. Kifutu akavuma tena, safari hii kwa kirefu, na mzee naye akamsikia.

"Ndama," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mimi sasa nitageuka. Nitatazama nyoka. Nyoka tu. Kama karibu na nyoka kuna miguu ya mtu, mimi siijui ni ya nani."

Akageuka. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Ni mnene, ndama. Mnene kama mkono wa mhunzi. Amejikunja. Shingo ameirudisha nyuma, kama ngumi ya mtu anayetaka kupiga. Na kichwa kimeelekea kwenye kisigino. Hajakigusa."

Nilimshukuru Mungu kwa neno la mwisho. Kisha nikasikia chuma kikitoka begani. Ilikuwa nyengo yake, ile silaha ya kufyekea yenye mpini mrefu na ncha iliyopinda, ambayo mwanaume wa huko milimani hakutoka nyumbani bila hiyo. Nikajua anataka kumkata. Nilimwona kifutu akilini mwangu jinsi nilivyomwona Idodi, akimpiga panya kabla jicho halijafunga.

"Ee Bwana," nilisema haraka, "zuia chuma. Akipigwa asife palepale atauma kilicho karibu. Kilicho karibu ni mimi, na mjukuu wa mtumishi wako."

Nyengo ikasimama. Nilisikia mzee akipumua. Kisha akamwambia ndama, polepole, "Huyu Mungu anaambiwa mambo mengi leo."

Ndama alikuwa akila nyasi.

"Lakini ni kweli," alisema. "Ni kweli, ndama. Kisigino hiki na shingo ile vimekaribiana mno. Basi tumpe kitu kingine cha kuuma."

Nilisikia nguo nzito ikivuliwa. "Ndama, koti hili nilitoka nalo Chunya," alisema mzee, kama mtu anayeaga. "Limepita mvua zote. Hata mchungaji alilisifu." Kisha akaning'iniza koti kwenye ncha ya nyengo, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, akalinyoosha mbele taratibu, akilishusha kati ya kichwa cha nyoka na kisigino changu. Alinyoosha mkono wake wote na mpini wote.

Mlio ulikuwa kama kofi. Kifutu alikuwa amelipiga koti. Akalipiga tena. Mzee akaliachia likamwangukia, sufu yote, na mvumo ukaendelea chini yake kama chungu kinachochemka kikiwa kimefunikwa.

"Ndama!" alisema mzee kwa nguvu. "Mtu aende mbele sasa. Hatua ndefu. Asikimbie, asigeuke."

Nikaenda mbele. Niliingia kwenye upupu na sikuujali mpaka baadaye, nilipoujali sana. Nilipofika mbali nikautua mtungi na kuchuchumaa, nguo ikiwa imenifunika uso, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Mtungi haukumwagika. Sisemi hivi kwa kujisifu. Mama mkwe aliukagua.

Mzee alimuua yule nyoka kwa mpini wa nyengo, nyoka akiwa bado chini ya koti, kama ambavyo mtu yeyote wa kijiji kile angefanya. Kwa upande wangu, nilimwombea heri kiasi mtu anavyoweza kumwombea nyoka, kwa sababu alinisalimu kabla ya kuuma, na wengi hawafanyi hivyo. Kisha baba mkwe akamvuta ndama, akapita nyuma yangu. Hakukohoa. Alipofika kwenye kona nilimsikia akimwambia ndama, "Haya, twende. Tumechelewa."

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekwisha kupata habari kutoka kwa jirani, mwanamke aliyekuwa akipalilia kahawa ng'ambo ya bonde na ambaye masikio yake yalisifika. Mama mkwe alinitazama miguu, akaikagua yote miwili, akanipaka majivu mahali upupu uliponiwasha. Kisha akaniuliza, mume wangu akitafsiri huku amekalia benchi alilokuwa akilipiga randa, rangi imemtoka usoni.

"Mzee amekusemesha?"

"Hapana, mama. Amemsemesha ndama."

"Nawe umemsemesha mzee?"

"Hapana, mama. Nimesali."

Mama mkwe alifikiri. "Mzee alijibu?"

"Aliitikia Amina."

"Amina mtu humwitikia yeyote," alisema mama mkwe, na jambo hilo likaishia hapo kwa upande wake.

Kwa upande wa jirani halikuishia. Alikuja jioni na mkungu mdogo wa ndizi, akakaa, akasema, "Dada, mimi sisemi kitu. Ila ndama yule hajui Kiswahili."

"Wewe umejuaje?" aliuliza mama mkwe.

"Ni ndama wa hapa hapa! Mama yake namjua!"

"Mama yake alikuwa Chunya?"

"Hakwenda Chunya, dada."

"Basi usimsemee mtoto. Watoto wa siku hizi hujifunza haraka." Jirani alicheka mpaka akaegemea ukuta, naye mama mkwe hakucheka hata kidogo, akamenya ndizi.

Jumapili baba mkwe alikuja kanisani amevaa koti. Lilikuwa limeoshwa na kuanikwa, na begani lilikuwa na alama mbili za njano ambazo hazikutoka. Alikaa upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake, tumepeana mgongo kwa kadiri mabenchi yalivyoruhusu. Mwinjilisti aliuliza kama kuna mwenye neno la shukrani. Mzee alisimama, akasema anamshukuru Mungu kwa ajili ya ndama wake, kisha akakaa. Wageni walidhani ndama alikuwa mgonjwa.

Kesho yake asubuhi nilisikia nyengo ikifanya kazi. Sikutoka. Nilichungulia kupitia ufa wa mlango wa jikoni, jambo ambalo halikuwa zuri, nikaona mgongo wa mzee. Alikuwa akifyeka nyasi za njia ya mtoni, upande wa kushoto na upande wa kulia, upana wa mtu kulala. Alifyeka mpaka kwenye kona, akapumzika, akaendelea. Vijana wake walikuja kumpokea kazi, akawafukuza. Kila mahali nilipokuwa nikijificha alipafanya peupe, ili mtu akitoka njiani aone anapoweka mguu. Mvua ziliporudi na nyasi zikaota, alifyeka tena. Alifanya hivyo miaka yote aliyokuwa na nguvu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema ni kwa sababu gani. Alikuwa akimheshimu mkamwana wake kwa kutomtazama, na alikuwa akimlinda kwa nyengo. Sikuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na mateke yake hakuyaacha. Desturi haikumruhusu babu kuingia nyumbani nilimokuwamo. Siku ya tatu nilikuwa nimelala na mtoto, nikasikia kikohozi nje ya ukuta, kisha kwato nyepesi. Sauti ya mzee ikapenya kwenye udongo wa ukuta, kwa Kiswahili.

"Ndama," alisema, "humo ndani kuna mtoto. Wewe ulikuwapo, unajua. Mwambie mama yake kwamba babu ameshukuru."

Akakohoa tena.

"Mwambie pia kwamba wewe sasa ni wake. Amekuzoea, nawe umezoea sala zake."

Nilisikia kamba ikifungwa kwenye nguzo ya baraza. Nilimshika mtoto, nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya kutosha kupita ukutani, "Ee Mungu Baba, ndaga."

"Amina," ukuta ukaitikia.

Ng'ombe huyo alizaa na kuzaa, na watoto wangu wote walikua kwa maziwa ya ukoo wake. Baba mkwe aliishi mpaka akawaona wengi wao. Hatukusemezana kamwe, ila alijua habari zangu zote, na mimi nilizijua zake, kwa maana ng'ombe hakukosekana.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu aliyeona kisigino changu akione na cha kwako. Akupe njia iliyofyekwa pande zote mbili. Na pale isipofyekwa, adui yako na avume kabla ya kuuma, nawe upewe moyo wa jiwe mpaka koti litakapofika. Akujalie watu wanaokupenda hata wanapokupa mgongo. Amina.